Je, Darwin alimkimbia Mivart?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha biolojia kidato cha nne, mkoani Morogoro. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alinyoosha mkono akauliza: kama viumbe hubadilika kidogo kidogo, nusu ya bawa ilimsaidia nini ndege wa kwanza? Nikababaika. Nilipotafuta jibu nikakuta kwamba Darwin mwenyewe alishaulizwa jambo hilo na mtaalamu aitwaye Mivart, wakaandikiana barua, na mwisho Darwin akamwambia asimwandikie tena. Mwenzangu wa ofisini anasema hiyo ni dalili ya mtu aliyeishiwa hoja. Ni kweli alishindwa akakimbia? Na yule mtoto nimjibu nini?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Huyo mwanafunzi mtunze vizuri. Swali lake ndilo lililomfanya Darwin aongeze sura nzima kwenye kitabu chake, *Origin of Species*, akiwa na miaka 62, tumbo halimpi raha, na hamu ya kukirekebisha kitabu hicho imeshamwisha.

Mwenzako wa ofisini kapata nusu. Barua zilikatwa, na aliyezikata ni Darwin. Lakini hebu zipange kwa tarehe. Anapomwomba Mivart asiandike tena ni Januari 1872, na wakati huo jibu lake lilishafika kwa mchapishaji. Mwezi uliofuata watu walikuwa wanalinunua dukani. Aliyeishiwa hoja haachi nyuma sura nzima ya majibu. Kilichomfukuza Darwin kwenye mazungumzo yale ni kitu kingine, na nitakieleza taratibu, kwa sababu hata yeye hatoki humo akiwa msafi kabisa.

Kwanza umjue Mivart, maana wengi wakisikia "mpinzani wa Darwin" wanamfikiria mhubiri aliyekasirika. St. George Mivart alizaliwa London mwaka 1827. Baba yake alikuwa na hoteli ya watu wakubwa, ile ambayo leo inaitwa Claridge's. Kijana akaingia Ukatoliki mwaka 1844, akiwa na miaka 16, na kwa sheria za wakati ule hilo lilimfungia mlango wa Oxford. Akasomea sheria, akafuzu, hakuwahi kuifanyia kazi. Moyo wake ulikuwa kwenye mifupa ya wanyama. Akawa mhadhiri wa anatomia katika hospitali ya St Mary's, na mwaka 1869 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa wa Uingereza. Aliyemlea kitaaluma ni Thomas Huxley, yule yule aliyekuwa mtetezi mkali wa Darwin. Mifupa ya nyani na komba aliijua kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, na Darwin alimnukuu kwa heshima katika kitabu chake kuhusu asili ya mwanadamu.

Kwa hiyo huyu alikuwa mtu wa nyumbani. Tena alikubali kwamba viumbe vimebadilika! Ugomvi wake ulikuwa juu ya chombo kilicholeta mabadiliko. Darwin alisema chombo kikuu ni uteuzi asilia: katika kila kizazi wanazaliwa wengi kuliko watakaosalia, wanatofautiana kidogo, na wale ambao tofauti yao inawafaa ndio huacha watoto wengi zaidi. Mivart akasema hicho kipo, ila ni kidogo mno kwa kazi unayokipa. Yeye aliona kuna nguvu ya ndani inayosukuma viumbe, mara nyingine kwa kuruka ghafla, na kwamba roho ya mwanadamu iko nje kabisa ya hesabu hiyo.

Januari 1871 akatoa kitabu chake, *On the Genesis of Species*. Sehemu iliyouma ni ile ya mwanzo, na imesimama juu ya swali la mwanafunzi wako. Uteuzi asilia huhifadhi kinachofaa. Sawa. Lakini kiungo kikiwa ndiyo kwanza kinaanza, bado ni kinundu tu, kinafaa nini? Bawa lililokamilika linarusha, kinundu hakirushi. Kama hakifai, uteuzi utakihifadhi kwa sababu gani mpaka kikue? Kisha akamwaga mifano mezani: shingo ya twiga, vichujio vya mdomoni mwa nyangumi, titi la mama, njuga ya mkiani mwa nyoka wa Marekani, jicho la samaki bapa.

Hoja hiyo ni nzuri. Nasema hivyo bila kigugumizi, na Darwin aliona hivyo hivyo. Julai 1871 alimwandikia Alfred Russel Wallace, mwenzake aliyefikia wazo la uteuzi asilia kivyake, kwamba kitabu cha Mivart kinaleta athari kubwa dhidi ya uteuzi asilia, na hasa dhidi yake yeye.

Sasa njoo kwenye barua. Darwin alikuwa anakaa kijijini Downe, Kent, mgonjwa, hatoki sana. Posta ndiyo ilikuwa baraza lake. Barua zake zinazojulikana, alizoandika na alizopokea, ni zaidi ya 15,000, na watu aliobadilishana nao ni kama 2,000. Kuzihariri zote kulianza mwaka 1974 na juzuu ya mwisho, ya 30, imetoka 2023. Utazikuta kwenye mtandao bila kulipa hata senti, na nakushauri uzisome mwenyewe kabla hujamwamini mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Katika barua hizo utaona kwamba kupingwa hakukuwa jambo geni kwake. Mwaka 1859 kitabu kilipotoka, mwalimu wake wa zamani wa jiolojia, Adam Sedgwick, alimwandikia kwamba amekisoma kwa maumivu zaidi ya raha, na kwamba kuna mahali alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Darwin hakumfungia mlango. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard, alibishana naye miaka na miaka kama kuna kusudi la Mungu ndani ya mabadiliko ya viumbe. Hawakukubaliana, na Darwin huyo huyo akagharamia kuchapwa kwa kijitabu cha Gray ili Waingereza wakisome. Alikuwa na desturi, ameieleza mwenyewe: akikutana na jambo linalopinga fikra zake analiandika hapo hapo, kwa kuwa alishajigundua kwamba mambo ya aina hiyo ndiyo huyasahau upesi.

Kwa Mivart mambo yalianza vizuri pia. Barua za Mivart zilijaa heshima, anamsihi hata amtembelee. Darwin akamjibu kwa upole, ila akamlalamikia jambo moja: mahali pawili umeninukuu mwanzo wa sentensi ukaacha mwisho wake, na maana yangu imegeuka.

Jambo hilo usilichukulie juu juu. Chukua mfano wa kwetu walimu. Umeandika kwenye ripoti, "Mtoto huyu huonekana mvivu kwa asiyejua kwamba anaumwa." Mtu akakunukuu mbele ya mzazi: "Mtoto huyu huonekana mvivu." Kila neno ni lako, lakini umesingiziwa. Na baadaye ikaonekana kuna zaidi. Mmarekani mmoja, mwanafalsafa aitwaye Chauncey Wright, akachambua kitabu cha Mivart mstari kwa mstari na kugundua kwamba mahali fulani maneno yameondolewa katikati ya nukuu. Hapo Darwin akamwandikia Wallace kwa masikitiko: nilijua ananikata sentensi, sikudhani angedondosha maneno. Akahitimisha kwamba Mivart anataka kuwa mwungwana, ila ushabiki wa dini umemzidi mpaka hawezi kutenda haki. Halafu akaomba ruhusa, akalipa kutoka mfukoni mwake, makala ya Wright ikachapwa upya Uingereza kama kijitabu.

Mwezi huo huo wa Julai, jarida la Quarterly Review likatoa tahakiki ya kitabu kipya cha Darwin kuhusu asili ya mwanadamu. Haikuwa na jina la mwandishi, kama ilivyokuwa desturi ya jarida lile, lakini mkono wa Mivart ulijulikana. Ilikuwa kali, yenye dharau iliyopangwa kwa ustadi. Septemba Darwin akamlilia rafiki yake Joseph Hooker: mtu huyu ananiandikia barua zenye zaidi ya urafiki, kisha gazetini ananifanya mnyama mwenye majivuno na wa kuchukiza kuliko wote waliowahi kuishi. Ana uhuru wa kunichukia, ila kwa nini ajisumbue kunionyesha mapenzi? Ukisoma barua hiyo unamwona mzee aliyeumia. Kupingwa angelivumilia. Nyuso mbili hakuziweza.

Huxley naye akaingia uwanjani, na hapa pana kisa kinachonichekesha kila mara. Mivart alidai kwamba mababa wa Kanisa, pamoja na mwanateolojia Mhispania Suárez, waliacha nafasi ya kuamini mageuko ya viumbe. Huxley, ambaye kwa dini hakuwa na habari nayo, alikuwa mapumzikoni St Andrews, Uskochi. Akaenda maktaba ya chuo kikuu, akalivuta lile buku kubwa la Suárez la Kilatini, akalisoma, kisha akaandika makala kumfundisha Mkatoliki Ukatoliki wake.

Hayo ni makelele ya uwanjani. Jibu lenyewe Darwin aliliweka kwenye toleo la sita la *Origin of Species*, Februari 1872. Ndilo toleo ambalo neno "mageuko" linaonekana humo kwa mara ya kwanza. Matoleo matano yote ya kabla yake hayakulitumia. Sura ya saba ni mpya, na sehemu yake kubwa ni Mivart.

Anza na twiga, maana yumo kwenye kila kitabu cha shule. Unamjua mchoro ule: upande mmoja twiga wa Lamarck, Mfaransa aliyemtangulia Darwin, anajinyoosha mpaka shingo inarefuka na watoto wanairithi, upande wa pili twiga wa Darwin, wafupi wanakufa na warefu wanabaki. Nimeshawauliza walimu wengi: shingo hiyo imo kwenye toleo la kwanza la Darwin, la 1859? Wote husema imo. Maelezo hayo hayamo. Toleo la kwanza linazungumzia mkia wa twiga, jinsi unavyofanana na usinga wa kufukuzia nzi! Shingo inatajwa kwa kupita tu, kwamba ina idadi ile ile ya pingili na shingo ya tembo. Aliyeitumia shingo ya twiga kueleza uteuzi asilia ni Wallace, katika makala yake iliyosomwa London mwaka 1858. Kwenye kitabu kikuu cha Darwin maelezo yale yameingia mwaka 1872, yameletwa na Mivart. Mchoro wa kitabu chako cha kiada, kwa maneno mengine, ni mtoto wa ubishi huu.

Mivart alisema: kama shingo ndefu ina faida kubwa hivyo wakati wa ukame, mbona wanyama wengine wa nyika ile ile hawana? Na twiga kwa ukubwa wake anahitaji chakula kingi, si ndiye angetangulia kufa njaa? Darwin akamjibu kwa kumpeleka kwenye malisho ya Uingereza. Tazama miti ya shambani wanakokaa ng'ombe na farasi, alisema: matawi ya chini yamekatwa usawa mmoja, kana kwamba kuna mtu kayapima kwa kamba. Ukiweka kondoo hapo, shingo iliyorefuka kidogo itamsaidia nini? Ng'ombe ameshamaliza. Kila mahali pana mnyama mmoja anayefika juu kuliko wengine, na huyo tu ndiye ambaye inchi moja au mbili za ziada zinamlipa. Kuhusu ukubwa, akasema mwili mkubwa ni kinga dhidi ya simba, na shingo ile ni mnara wa mlinzi. Akamtaja Samuel Baker, yule msafiri wa Nile, aliyesema hakuna mnyama mgumu kumnyemelea kama twiga.

Jibu hilo la miti lilikaa miaka zaidi ya 130 kabla watu hawajalipima vizuri. Mwaka 2007 Elissa Cameron na Johan du Toit walichapisha kazi waliyoifanya Kruger, Afrika Kusini. Waliizungushia migunga uzio uliowazuia wanyama wafupi, wakaona kwamba twiga huhamia juu kwa sababu huko chini wenzake wamemmalizia majani. Wapo pia wanaosema shingo ilirefuka kwa sababu madume hupigana kwa kugongana nazo. Hoja hiyo ilitolewa mwaka 1996 na bado ina watu wake. Mimi naegemea majani, lakini siwezi kukuapia. Na ukienda Mkomazi ukamwona swala twiga amesimama kwa miguu ya nyuma, shingo imenyooka kuelekea majani ya juu, utajua kwamba swali la Mivart, "mbona wengine hawana?", halikuwa sahihi hata kwa kuhesabu tu.

Sasa jicho. Hapa Mivart alishika pabaya.

Pwani tunamwita gayogayo, wengine wayo. Ni samaki aliyelala ubavu mchangani, bapa kama sahani, na macho yake yote mawili yako upande wa juu. Anapoanguliwa hayuko hivyo. Akiwa mdogo anaogelea wima kama changu, jicho moja kila upande. Baada ya muda jicho moja linaanza safari, linapanda, linavuka utosi, linakwenda kukaa na mwenzake. Mivart akauliza: jicho likisogea ghafla lote, sawa, lakini huo ndio mruko ninaoudai mimi. Likisogea kidogo kidogo, hatua ya kwanza ina faida gani? Jicho lililosogea kidogo upande wa chini bado linatazama mchanga.

Darwin akaenda kwa walioona. Mswidi aitwaye Malm alikuwa amewatazama watoto wa samaki hao na kuona kwamba wakilala ubavu hulikaza jicho la chini kutazama juu, mmoja akiligeuza kwa kiasi cha nyuzi 70, na fuvu likiwa bado laini hujipinda. Darwin akasema hatua za kwanza zilitokana na tabia hiyo ya kukaza jicho, na matokeo yake yakarithiwa.

Umeiona kasoro? Kukaza jicho na watoto kurithi mkazo, huyo ni Lamarck yule yule wa upande wa kwanza wa mchoro wako. Darwin, akibanwa, alirudi kuazima kwa jirani. Hakujua kanuni za urithi. Kazi ya Mendel, aliyezigundua kanuni hizo, ilikuwa imeshachapwa mwaka 1866 lakini haikumfikia. Kwa hiyo ukitaka kumtendea haki Mivart, hapa alimsukuma Darwin hadi kwenye jibu ambalo leo hatuwezi kulitetea lote. Leo tunajua kwamba safari ya jicho huongozwa na homoni ya tezi ya shingoni, mtoto anapogeuka kuwa mkubwa, na kilichorithiwa ni mpango wa mwili, mkazo haurithiwi.

Jibu la hatua za kati lilikuwa limelala kabatini. Mwaka 2008 Matt Friedman alichapisha uchunguzi wa visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, vya samaki wa karibu miaka milioni 50 iliyopita, kutoka Bolca, Italia. Jenasi mbili, Amphistium na Heteronectes. Ni samaki wakubwa, waliokomaa, na jicho moja limepanda juu kuliko jingine bila kuvuka utosi. Nusu ya safari kabisa, ile ile ambayo Mivart alisema haiwezi kumfaa kiumbe. Kimoja cha visukuku hivyo kilikuwa katika makumbusho ya Vienna, na Amphistium alishapewa jina lake kabla Mivart hajashika kalamu. Ushahidi ulikuwepo, hakuna aliyelitazama fuvu pande zote mbili. Nusu ile iliwafaa nini? Gayogayo wa leo huweza kujiinua kidogo kwa mapezi akiwa mchangani, na kwa aliyejiinua, jicho lililopanda hata kidogo huenda lilikuwa linaona kitu.

Kwetu kuna mmoja ambaye sijui kwa nini hatumtumii darasani. Nilikuwa soko la Feri, Dar es Salaam, asubuhi, nikamwona kwenye meza ya mparuaji: gayogayo mkubwa, mdomo mpana, meno kama sindano. Kwa kitaalamu ni Psettodes erumei. Gayogayo wa kawaida macho yake yamekaa pamoja kama vifungo viwili vya shati. Huyu jicho moja liko upande, na la pili limeishia kwenye ukingo wa kichwa, juu kabisa, kama mtu aliyepanda ukuta akakaa bila kurukia upande wa pili. Nilimgeuza mara tatu. Kijana wa pale akaniuliza, "Mzee unanunua au unamsomea?" Nikanunua. Huyo ndiye anayehesabiwa kuwa karibu zaidi na wale wa zamani miongoni mwa samaki bapa wote walio hai, na anavuliwa hapa hapa.

Turudi kwenye ugomvi, nimalize. Januari 1872 wakaandikiana mara kadhaa, Mivart akijieleza, Darwin akizidi kuwa baridi, mpaka akamwomba asiandike tena. Hata hapo haikuwa uadui. Uadui ulikuja kwa mtoto.

Mwaka 1873 George, mwanawe Darwin, ambaye baadaye alipata sifa kwa utafiti wa maji kupwa na kujaa, aliandika makala kutaka ndoa ziwekewe mipaka na talaka iruhusiwe pale mwenzi anapopatwa na wazimu. Mimi makala ile siipendi; ina harufu ya fikra ambazo baadaye zilitesa watu wengi, na ilistahili kupingwa. Ila Julai 1874, tena katika Quarterly Review, tena bila jina, Mivart akaandika kana kwamba kijana yule anatetea ufuska. Hakuwa ameandika hivyo. George akadai masahihisho, akapata maneno ya kujikosha. Cha kuongeza uchungu, mchapishaji wa jarida hilo ni John Murray, huyo huyo aliyekuwa akichapisha vitabu vya Darwin! Mzee akafikiria hata kumhama.

Mwaka 1871 alipotukanwa yeye aliumia akanyamaza. Alipoguswa mwanawe, Januari 1875 akaandika barua fupi, akimwambia Mivart kwamba kuanzia sasa hataki mawasiliano yoyote naye. Huxley akamkata hadharani. Marafiki wa Darwin ndio walioshika milango ya sayansi ya London wakati ule, Hooker akiwa rais wa Royal Society, na Mivart akajikuta nje ya baraza aliyokulia. Hapa ndipo nasema Darwin hatoki msafi kabisa: kosa lilikuwa la kalamu, na adhabu ikawa ya maisha.

Upande wa pili, wa Kanisa, nao haukumweka. Miaka ya 1892 na 1893 Mivart aliandika kwamba huenda hata motoni pana namna ya furaha, na makala hayo Roma ikayapiga marufuku. Januari 1900 Kardinali Vaughan wa Westminster akamzuia kupokea sakramenti, na Aprili mosi akafa. Alizikwa kwa taratibu za Kanisa lake miaka minne baadaye.

Sasa mwanafunzi wako na nusu yake ya bawa. Mwambie kosa limejificha kwenye neno "nusu". Anadhani bawa lilikuwa linangoja kuruka. Darwin tangu toleo la kwanza alionyesha mabawa yanayofanya kazi nyingine: pengwini anaogelea nayo, mbuni anayatandaza kama tanga anapokimbia. Manyoya yenyewe yalitangulia kuruka. Tangu mwaka 1996 China imetoa visukuku vya dinosaria wadogo wasioruka, wamefunikwa vinyweleo vya manyoya, na joto ni faida tosha. Halafu muulize kama amewahi kumkimbiza kifaranga. Mwaka 2003 Kenneth Dial, huko Montana, alionyesha kwamba vifaranga vya ndege wa jamii ya kwale, mabawa yakiwa bado vibutu, huyapigapiga wanapopanda mteremko mkali, na miguu inashika vizuri zaidi. Kibutu cha bawa kinamfikisha juu ya gogo kabla paka hajafika.

Na ukipata mtu anayetoka Dar na barafu, mwagize gayogayo wawili, mmoja wa kawaida na mmoja yule wa mdomo mpana. Waweke mezani mbele ya darasa, usiseme kitu, muulize mtoto jicho la yupi limefika. Akishajibu, mwambie amtazame yule wa mdomo mpana: jicho lililohama ni la kulia au la kushoto? Kwa spishi nyingi za samaki bapa upande ni mmoja kwa karibu wote. Huyu wengine huhamisha la kulia, wengine la kushoto, kwa hiyo hata mimi sijui atakujibu nini.